Umebadilisha Nyuso za Mita, Sasa Mshale Unadanganya: Uanzie Wapi Kutafuta

Nyuso za mita, yaani vile vibao vyenye namba nyuma ya mishale, zinazouzwa mitandaoni, nyeupe, za kaboni, au zile zinazong'aa buluu usiku, zimeingia sana kwenye magari ya huku Kisumu, Kakamega na Busia. Kijana ananunua Fielder au Impreza iliyotoka Japani, anaona mita zimepauka kwa jua, anaagiza uso mpya na kuubandika mwenyewe Jumapili alasiri. Jumatatu yuko gereji. Mshale wa spidi umesimama kwenye 15 na gari limeegeshwa, taa za upande mmoja hazionekani, geji ya joto haitoki kwenye C, alama ya baridi. Neno la kwanza analosema ni kwamba umeme wa gari umeharibika. Mara nyingi umeme ni mzima kabisa.

Uso ni picha, haupimi kitu. Kinachopima ni pembe. Mota ndogo iliyo nyuma inauzungusha mshale kwa kiasi fulani kwa kila kilomita ya mwendo, na mota hiyo haina habari kwamba umebandika namba nyingine mbele yake. Ukilishika hilo, utatafuta tatizo mahali palipo na tatizo, na hutanunua sensa usiyoihitaji.

Pima kwanza barabarani, ufungue baadaye

Usikimbilie bisibisi. Chukua simu yenye programu ya GPS inayoonyesha mwendo, mpe mtu aliyekaa kando yako, dereva asiishike. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na mlima. Kwa sisi wa Kisumu, kipande cha kuelekea Ahero katika tambarare za Kano kinafaa, asubuhi mapema kabla malori hayajajaa. Endesha kwa mwendo usiobadilika, GPS ikisoma 40, kisha 60, kisha 80, na kila mara msaidizi aandike mshale unaonyesha ngapi.

Namba hizo tatu ndizo zitakazokuambia ugonjwa ni upi. Mshale ukisoma 50, 70 na 90, kosa ni lilelile kila mahali: umezidi kwa 10. Hapo mshale ulirudishwa vibaya kwenye shafti, kile kijiti cha mota kinachoubeba. Ukisoma 49, 73 na 98, kosa linakua kadiri mwendo unavyoongezeka, na hilo halirekebishiki kwa kuusogeza mshale hata ukishinda siku nzima; uso si wa gari hilo. Na kama ni 43, 43, kisha ghafla 85, mshale unagusa kitu njiani.

Jambo moja la kuzingatia kabla hujasahihisha chochote. Mita nyingi zinatoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, na hilo limefanywa makusudi. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 inakataza mita kuonyesha chini ya mwendo halisi, na inaruhusu izidi hadi asilimia 10 pamoja na kilomita 4. Kwa hiyo mshale unaosema 84 wakati GPS inasema 80 huenda hauna kosa lolote. Uache hivyo. Anayeusukuma ulingane na GPS kwa 80 anaweza kujikuta anasomewa chini akiwa mwendo mwingine.

Kwa dereva wa Kenya hizi si hesabu za kujifurahisha. Chini ya kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016, kuzidisha mwendo kwa kilomita 6 hadi 10 ni faini ya shilingi 500, 11 hadi 15 ni 3,000, na 16 hadi 20 ni 10,000. Mshale unaosoma chini kwa kilomita 12 hautakutetea mbele ya trafiki mwenye kamera.

Kosa ni lilelile kila mwendo: mshale

Tuseme mita ya 0 hadi 180 inazunguka nyuzi 240. Kila kilomita ni nyuzi 1.33. Ukiukandamiza mshale ukiwa nje kwa nyuzi 5 tu, kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, mita imekosea karibu kilomita 4. Nyuzi hizohizo 5 kwenye mita ya mizunguko ya injini inayofika 8,000 ni mizunguko kama 170. Ndiyo maana injini inayonguruma kwa 700 sawasawa inaonekana imeshuka hadi 530, na mtu anaanza kuosha throto, mlango wa hewa ya injini, bila sababu.

Namna ya kuurudisha inategemea mota. Magari mengi ya tangu miaka ya 2000 yana mota ya hatua. Kila unapofungua swichi ya ufunguo, mota hiyo hujirudisha nyuma hadi igonge kizuizi chake, halafu huanza kuhesabu kutoka hapo. Fungua swichi bila kuwasha injini, uiache itulie, uweke mshale kwa wepesi kwenye sifuri, kisha ufunge na kufungua tena. Mshale ukirudi palepale, ndipo unaukandamiza. Usiuzungushe kwa kidole ukiwa umeshakaza. Ndani ya mota hiyo kuna meno madogo ya plastiki, na yakishakatika mshale utakuwa unarukaruka na kutetemeka hata ukiwa umewekwa sawa.

Magari ya zamani kidogo yana geji za koili, ambazo mshale wake hushikiliwa na sumaku ya umeme tu. Umeme ukikatika mshale hubaki ulipo au huelea. Hizo lazima zipangwe swichi ikiwa imefunguliwa, maana bila umeme sifuri haipo. Baadhi ya geji za mafuta za Toyota za zamani ni za aina hii: unazima gari na mshale unabaki kwenye robo. Mwenye gari asiyejua hilo akiona hivyo baada ya kubadilisha uso, hudhani ameharibu kitu.

Na kuna mita za kebo, kwenye pikapu na matatu kuukuu, zenye springi ndogo kama ya saa. Kwenye nyingi ya hizo, mahali springi inapotaka mshale ulale ni chini ya kile kipini cha kuzuia. Kipini kinauzuia usifike huko. Kabla ya kuung'oa, uinue kidogo upite juu ya kipini, uone unalala wapi, na uweke alama ya penseli. Ukiurudisha ukigusa kipini tu, bila ule mvuto wa springi, mita yote itasoma juu.

Kwa kung'oa, tumia vijiko viwili vidogo, kimoja kila upande wa shina la mshale, na kipande cha kitambaa au tepu ya karatasi chini yake ili usikwaruze. Vuta wima. Anayevuta kwa upande anapinda shafti, na shafti iliyopinda itakupa kosa la ajabu kweli: mita iko sawa kwenye 40, imezidi kwenye 90, imerudi sawa kwenye 140, kwa sababu mshale unazunguka nje ya kitovu. Hiyo huitambui kwa kipimo kimoja. Ndiyo sababu nasisitiza vipimo vitatu.

Kosa linakua: uso si wa gari lako

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana mita inayoishia 180. Gari la umbo lilelile lililouzwa Ulaya au Australia linaweza kuwa na mita ya 220 au 240. Muuzaji anaandika jina la gari na miaka, picha inafanana, matundu ya skrubu yanaingia sawasawa, na mnunuzi anafurahi kupata namba kubwa. Lakini mota ni ileile. Pembe iliyokuwa 180 sasa imeandikwa 220, basi kila kitu kinazidishwa kwa 1.22: ukienda 80, mshale unasema karibu 98.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Weka uso wa 180 kwenye klasta (kisanduku kizima cha mita) ya 220 na mwendo wa 110 utaonekana 90. Dereva anateremka kuelekea Salgaa, barabara ambayo ajali zake zinajulikana nchi nzima, akiamini anaenda taratibu.

Nyuso za Marekani nazo zimeandikwa kwa maili. Ikiwa namba kubwa ni za maili na ndogo za ndani ni za kilomita, soma ndogo. 60 ya maili ni karibu 96.6 ya kilomita. Ila zimechorwa kwa mota ya gari la Marekani, kwa hiyo hata zile ndogo zipime kwa GPS kabla ya kuziamini.

Dawa ya uso usiolingana ni kuutoa. Hakuna marekebisho ya mshale yatakayoufaa. Kama umeupenda mno, peleka uso wako wa asili kwa watu wanaochapa stika za matatu, uskaniwe, rangi na mwandiko vibadilishwe kwenye kompyuta, lakini alama za mwendo zibaki pembe zilezile.

Ukichapa huku kwetu, angalia printa. Programu nyingi hupunguza picha ili iingie kwenye karatasi, na asilimia 97 inaonekana si kitu. Kwenye uso wa upana wa milimita 250, hiyo ni milimita 7.5 zimepotea. Dalili yake ni kwamba tundu la mshale wa spidi limeingia vizuri lakini la mizunguko limekwenda kando, na unalazimika kuvuta uso hadi ukunjamane. Picha ikipungua sawa pande zote pembe hazibadiliki, ni vitovu tu vinavyohama. Ila mtu akiinyoosha upande mmoja ili matundu yalingane, duara limekuwa yai, na pembe zote zimeharibika. Mita ya namna hiyo husoma juu sehemu moja na chini sehemu nyingine. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida kwa asilimia 100, ilaze juu ya uso wa zamani, mulika tochi kwa nyuma. Alama zikilingana, ndipo uchape kwenye plastiki.

Bado kosa linakua na uso ni sahihi? Angalia matairi. Wengi wetu huinua gari kwa ajili ya barabara za ndani. Kutoka 185/70R14 hadi 195/65R15 tairi limeongezeka kipenyo kwa karibu asilimia 3, na ukienda 100 mita inasema 97. Uso hauna hatia hapo.

Mshale unakwama katikati au unapanda kwa mikupuo

Umekandamizwa chini mno, au uso umeinuka. Acha nafasi ya kama milimita moja kati ya mshale na uso mzunguko mzima. Wanaobandika uso mpya juu ya wa zamani kwa tepu ya pande mbili husahau kwamba wameongeza unene, na joto la Kisumu linamalizia: gari likiegeshwa juani mchana, gundi dhaifu inaachia na uso unatoa tumbo. Gari linalofanya kazi vizuri asubuhi na kukwama saa nane mchana lina ugonjwa huu. Nakuru, kwenye baridi ya mwinuko, uso huohuo unaweza kukaa miaka.

Angalia pia kama kuna doa la mafuta kuzunguka kitovu. Geji za koili zina mafuta mazito ya silikoni yanayotuliza mshale, na ukivuta kwa nguvu yanapanda kwenye shafti. Yakiisha, mshale unakuwa na wasiwasi, unacheza kila gari likiruka tuta.

Geji ya mafuta na ya joto

Mwalimu mmoja alinijia akisema, "Fundi, gari limeanza kunywa mafuta. Limenizimikia Luanda na geji iko juu ya mstari mwekundu." Nikamwambia, "Mwalimu, gari halijabadilika. Mshale ndio umehama." Geji ya mafuta inazunguka kidogo tu, mara nyingi kama nyuzi 90, kwa hiyo kosa la nyuzi 5 kwenye tenki la lita 50 ni karibu lita 3. Lita tatu ndizo zinazokutoa Luanda hadi Kisumu. Panga mshale huo tenki likiwa limejaa pomoni, halafu uthibitishe tena taa ya akiba inapowaka.

Geji ya joto ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo watu hawaipimi. Kwenye magari mengi ya kisasa imetengenezwa ikae katikati kuanzia nyuzi 80 hivi hadi zaidi ya 100 za Selsiasi, ili dereva asisumbuke. Maana yake ni kwamba inapoanza kupanda kupita katikati, injini tayari iko taabani. Ukiuweka mshale chini ya mahali pake, umefuta onyo lote lililobaki. Kutoka Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, hadi Kericho iliyo juu ya 2,000, gari lililopakia linapanda muda mrefu bila kupumzika, na hapo ndipo gasketi za silinda zinapoungua.

Usiupange kwa kukisia. Chomeka skana ya OBD, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, acha injini ipate moto hadi isome kati ya 85 na 90, ndipo uweke mshale mahali ulipokuwa kwenye picha uliyopiga kabla ya kazi. Kama hukupiga picha, tafuta gari la aina hiyohiyo ulilinganishe.

Taa hazipiti, au zinapita vibaya

Upande mmoja giza baada ya kuweka balbu za LED: zitoe, uzigeuze, uzirudishe. LED ina chanya na hasi, balbu ya kawaida haina. Nukta kali katikati na giza pembeni: LED inatupa mwanga mbele tu wakati balbu ya waya inatawanya pande zote, isugue kichwa kwa msasa mwembamba au ununue yenye macho ya pembeni. Mishale haing'ai lakini namba zinang'aa: uso mpya umeziba kitovu, na mwanga wa mshale huingilia hapo kutoka nyuma. Panua tundu kidogo kidogo kwa wembe mpya.

Madoa ya kahawia na uso kujikunja nyuma ya balbu ni kitu kingine. Klasta nyingi za Kijapani zenye soketi za T10 hutumia balbu ya wati 3.4. Ya taa ya pakingi ni wati 5 na inaingia soketi hiyohiyo. Mtu anaona mwanga umeongezeka, anafurahi, na miezi michache baadaye plastiki imeiva.

Nyuso zinazong'aa zenyewe hutumia inveta ndogo inayogeuza volti 12 za betri kuwa zaidi ya 100 za umeme wa kubadilika. Usizikate kwa mkasi ili ziingie. Ukingo uliokatwa unaweza kukurusha na kuunguza uso. Redio ikianza kulia kwa sauti nyembamba, hamisha inveta mbali na waya wa antena na uifungie athi yake (waya wa hasi) kwenye chuma safi cha bodi. Zikipepesa, imeungwa kwenye waya wa kupunguza mwanga; tafuta waya wa taa za pakingi usiopita kwenye kipunguza mwanga.

Betri inakufa tangu ubadilishe taa

Hili huwashangaza hata mafundi wa waya. Kwenye magari mengi ya zamani, umeme mdogo unaopita kwenye balbu ya taa ya chaji ndio unaoiamsha altaneta, mashine inayochaji betri. Ukiweka LED mahali hapo, umeme unaopita ni kidogo mno na altaneta inaweza isiamke hadi ukanyage sana, au isiamke kabisa. Rudisha balbu ya kawaida kwenye taa hiyo moja. Kisha fungua swichi bila kuwasha injini uhesabu taa zote za onyo, oili, injini, ABS, mfuko wa hewa, uone kila moja ina dirisha lake kwenye uso mpya. Uso uliofunika taa ya oili hauna thamani, hata ungekuwa mzuri vipi.

Klasta imekufa kabisa

Plagi ya nyuma haijaingia hadi klipu ilie, au fyuzi ya mita imekatika kwa sababu betri haikutolewa waya wa hasi. Anzia hapo. Mita ya spidi ikiwa imekufa peke yake na nyingine ziko hai, fuata waya wa sensa ya mwendo. Kwenye matatu spidi gavana, kifaa cha kudhibiti mwendo, mara nyingi imeungwa kwenye waya huohuo, na muunganiko wa kusokota kwa mkono huachia ukivuta klasta. Kwenye baadhi ya magari, hasa ya Ulaya, kinga ya wizi imo ndani ya klasta, kwa hiyo injini kukataa kuwaka klasta ikiwa mezani si hitilafu.

Shafti iking'oka pamoja na mshale na mota ikakosa kushika, kwenye magari mengi ya mota ya hatua unaweza kununua mota peke yake na kuilehemu upya. Hiyo ni afadhali kuliko kununua klasta ya gari lililovunjwa, kwa kuwa klasta hiyo inakuja na kilomita za gari jingine. Ikibidi uibadilishe, andika kilomita za zamani na za mpya kwenye kitabu cha huduma, na tarehe, na umwonyeshe atakayelinunua gari.